Kuomba rekodi za serikali kuhusu video za ukatili zilizoondolewa mtandaoni

Usiombe video yenyewe. Hiyo watakunyima, na mimi siwalaumu. Omba karatasi zilizoizunguka: amri au ombi la kuiondoa, barua pepe kati ya ofisi na kampuni, muhtasari wa vikao.

Halafu taja tarehe. Ukiomba “kila kitu kuhusu maudhui ya ukatili” utapigwa danadana. Mimi ningeandika hivi: “Naomba mawasiliano kati ya ofisi yenu na kampuni za mitandao ya kijamii, kuanzia Machi 15 hadi Mei 15, 2019, kuhusu kuondolewa kwa video ya shambulio la Christchurch.” Mwanzo ni siku ya shambulio (la misikiti ya Christchurch, New Zealand, lililorushwa mubashara mtandaoni), mwisho ni siku viongozi walipokutana Paris kutangaza Wito wa Christchurch, yaani ahadi ya serikali na kampuni za mtandao ya kuondoa maudhui ya kigaidi.

Marekani hawaulizi uraia wako, na ofisi ina siku 20 za kazi kujibu (zikipita usishangae). New Zealand nako ni siku 20 za kazi, ila lazima uwe raia, mkazi wa kudumu au uwe nchini humo.

Wakikataa, dai wakutajie kifungu walichotegemea, kisha kata rufaa. Majina wakiyafunika kwa wino mweusi, sibishani nao. Tarehe na saa ninazipigania: ndizo zinazoonyesha ombi lilitoka lini na kampuni ilijibu lini.