Kabla hajaenda kujengewa taya, mwandaeni na moyo

Damu, vipimo, bima: hayo hospitali itawakumbusha yenyewe. Naandika yale ambayo hakuna aliyetukumbusha sisi, tulipompeleka kaka yangu kuondolewa saratani ya taya na kujengewa taya jipya. Wanachukua mfupa mwembamba wa mguuni, ule ulio pembeni ya muundi, pamoja na mishipa yake ya damu, wanaukata ukae kama taya, kisha wanaiunga mishipa hiyo na ya shingoni. Ni kazi ya kutwa nzima.

Sigara iachwe mapema. Nikotini inabana mishipa, na kilichopandikizwa kinaweza kufa. Pombe msimfichie: anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla wodini anaweza kutetemeka na kuweweseka, na daktari akijua kabla atajipanga. Kama amewahi kuugua sonona, au kusema amechoka kuishi, lisemeni kliniki siku ya kwanza. Ombeni aonane na mtaalamu wa ushauri nasaha kabla ya kisu, si baada.

Sasa lile lililotuumiza. Kaka ni dalali wa samaki. Sauti ndiyo jembe lake. Daktari alitueleza sisi ndugu kwamba ataamka na mrija wa kupumulia shingoni, na kwa siku kadhaa hatasema, maana hewa haifiki kwenye nyuzi za sauti. Karatasi ya ridhaa alishasaini, lakini hakuna aliyekaa naye akamsomea. Tukafanya kikao nje ya wodi tukaamua asiambiwe, asije akavunjika moyo. Mimi nilikuwa wa kwanza kukubali.

Alipozinduka alifungua mdomo kuniita. Kimya. Macho yakamtoka, mkono ukaenda shingoni kuuvuta mrija, wauguzi wakamdaka. Akaomba kalamu kwa ishara. Mkono wa kulia una dripu, akaandika kwa kushoto nyuma ya boksi la glavu, herufi zimepinda: MMENIKATA SAUTI? Nikamwambia itarudi. Hakuniamini, na angeniaminije? Usiku ule kila muuguzi alipokuja na tochi kutazama rangi ya nyama iliyopandikizwa, nilimkuta yu macho, machozi yanateremka hadi kwenye bandeji. Sauti ilirudi baada ya mrija kutolewa. Ila kwa wiki kadhaa kila nilichomwambia alikwenda kukihakikisha kwa muuguzi.

Kwa hiyo mwambieni. Kaeni naye daktari akiwepo, apitishwe kimoja kimoja: mrija shingoni, mrija wa chakula puani, mguu umefungwa, uso umevimba. Kubalianeni ishara, kufinya mkono mara 1 ndiyo, mara 2 hapana. Beba daftari, kalamu nene na miwani yake. Omba dripu iwekwe mkono asioandikia. Kwenye ukurasa wa kwanza andikeni maneno ya kuonyesha kwa kidole: maumivu, kiu, makohozi, naogopa. Hilo la mwisho msiliache.

Kioo akiombe mwenyewe, na awepo mtu anayemwamini wa kumwambia kwamba uvimbe utapungua. Watoto waelezwe kabla ya kuingia.

Nyumbani mate yatamdondoka na kula kutamchosha. Msimburuze harusini ili "achangamke". Lakini zikipita wiki 2 halali, haongei, hataki chochote alichokuwa akikipenda, msiseme anazoea hali. Mrudisheni kliniki. Akitamka kwamba bora afe, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata dakika.

Wageni wanaolia wakalie nje. Picha zisipigwe bila yeye kukubali. Mitishamba isiingizwe kimya kimya. Na wewe unayemlinda usiku, panga zamu na mwenzako, ule, ulale, maana siku ya nne hutasikia hata kitanda kikigongwa.