Kabla ya kuhesabu ushindi, tazama wanacheza na nani

Machi 2024, saa saba na kitu usiku wa kuamkia Jumatatu, mpwa wangu alinipigia simu akilia. "Mjomba, Indiana State wameachwa!" Timu ilikuwa imeshinda michezo 28 na kufungwa 6, na bado haikutajwa kati ya timu 68 za mashindano makuu ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani. Kesho yake, barazani kwetu Makadara, kahawa tungu ikiwa mkononi, nilimchorea hesabu hii kwenye daftari. Nawe ifuate.

Anza na konferensi, yaani ligi ambayo chuo kinacheza. Bingwa wa kila konferensi anaingia moja kwa moja. Mwaka 2025 nafasi hizo zilikuwa 31. Zile 37 zilizobaki hutolewa na kamati ya watu 12. Indiana State walifungwa na Drake kwenye fainali ya konferensi yao, Missouri Valley, basi hatima yao ikawa mikononi mwa kamati.

Sasa fungua orodha ya NET, inayopanga timu zote kwa uwezo wao, ambayo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, wanaitumia tangu msimu wa 2018-19. Usiishie kwenye namba ya timu yako. Indiana State walikuwa ndani ya 30 za juu na hawakupona. Tazama namba za waliocheza nao, na wapi. Hapa ndipo penye kiini, kaa napo. Ushindi wa kundi la kwanza ni kumfunga aliye kati ya 1 na 30 nyumbani kwako, 1 na 50 kwenye uwanja usio wa yeyote, au 1 na 75 kwake. Mcheza kwao hutunzwa, na hesabu hii inalijua hilo: ukimfunga wa 60 nyumbani, ni kundi la pili; ukimfuata kwake ukamfunga, ni la kwanza.

Timu ya konferensi ngumu inakutana na wapinzani hao karibu kila wiki. Ikifungwa haiumii sana, ikishinda inapanda. Ndiyo maana konferensi ya SEC, yenye timu 16, ilipeleka 14 mwaka 2025, rekodi. Timu ya konferensi dhaifu ushindi wake mwingi hauna uzito, ilhali kufungwa mara moja na wa mkiani kunaichoma. Kwa hiyo ratiba yake ya Novemba na Desemba, kabla ya ligi kukolea, isome mstari kwa mstari. Vyuo vikubwa ni nadra kukubali kwenda kucheza kwa wadogo, jambo linaloniuma mpaka leo, basi mdogo hana budi kuwafuata.

Mwisho, fuatilia fainali za konferensi nyingine. Mwaka ule ule wa 2024, NC State, ambao bila kombe wasingechaguliwa, walishinda michezo mitano kwa siku tano wakatwaa ubingwa wa konferensi ya ACC. Timu ya uhakika waliyoifunga ikahitaji nafasi ya kamati, na nafasi moja ikawa imekwenda. Fainali ile ilichezwa usiku wa manane wa Mombasa, na mpwa wangu aliitazama yote akiwashangilia. Siku hizi timu yake ikiwa ukingoni, usiku wa fainali kama hizo huwaombea wale ambao nafasi zao tayari ni za uhakika.