Ukitaka uwakili wa biashara na udhamini London, anza na kesi mbili

Vijana wa nyumbani huniuliza wapitie wapi hadi wasimame mahakamani London, upande wa biashara na udhamini wa mali, yaani kushika mali kwa niaba ya mtu mwingine. Ndiyo kazi yangu, na jibu langu ni moja: kabla hujahangaika na fomu, soma kesi mbili.

Ya kwanza ni Keech v Sandford ya mwaka 1726. Mdhamini alikuwa akishika mkataba wa pango la soko la Romford kwa niaba ya mtoto mdogo. Muda ulipokwisha, mwenye soko akakataa katakata kumpangisha mtoto, mdhamini akauchukua mkataba mpya kwa jina lake mwenyewe. Hakuiba, na mtoto asingeupata kwa vyovyote. Hata hivyo jaji, Lord King, aliamuru mkataba na faida yake viwe vya mtoto.

Sasa ruka hadi 2014, FHR European Ventures v Cedar Capital. Wakala wa wanunuzi wa hoteli moja Monte Carlo alipokea komisheni ya yuro milioni 10 kutoka kwa muuzaji, bila wanunuzi kuridhia. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema fedha zile ni mali ya wanunuzi, si deni tu. Hapo ndipo penye uzito: wakala akifilisika, mwenye mali huchukua chake, lakini anayedai deni tu hupanga foleni na wadai wengine.

Ukishazielewa, andika ukurasa mmoja ukimtetea aliyeshindwa. Aya ziwe na namba, kila aya ibebe hoja moja, na kila dai lioneshe limetoka wapi. Nikisoma ukurasa wa namna hiyo najua upesi kama mtu ameiva, kuliko nikisoma vyeti vyake.

Kisha nenda Rolls Building, jengo la mahakama za biashara na mali London, mtaa wa Fetter Lane. Kesi nyingi ziko wazi kwa umma, hulipi kitu. Kaa nyuma, usikilize jaji anauliza nini.

Hatua rasmi ni hizi. Shahada ya sheria si lazima. Mwenye shahada nyingine husoma sheria kwanza. Jiunge na kimoja cha vyama vinne vya mawakili, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple, na uombe ufadhili wao mapema, maana ada za kozi ya uwakili ni kubwa mno. Baada ya kozi kuna mafunzo ya miezi 12 chini ya wakili mzoefu, nayo hulipwa. Miezi 6 ya kwanza husimami mahakamani kutetea mtu. Maombi mengi ya nafasi hizo hufunguliwa Januari.

Kwenye usaili watakupa tatizo na kukubana. Wakikupinga tu, simama na hoja yako. Wakikuonyesha kifungu ulichokiruka, kubali hapo hapo, kisha endelea na kilichobaki.