Kufunga utando wa kolajeni kwenye gegedu la goti: mwongozo kwa timu za bloku (chumba cha upasuaji), Goma

Utando huu ni kipande chembamba cha kolajeni kinachofunika kidonda, yaani sehemu ya gegedu iliyolika, ili tishu mpya iote chini yake. Ukitoka mahali pake baada ya upasuaji, gundi ndiyo hulaumiwa. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla chupa ya gundi haijafunguliwa: ukingo wa kidonda uliachwa mlegevu, au utando ulikatwa mkubwa. Anzeni hapo.

Kwanza, chagueni goti linalofaa. Lililolika pande zote, la mfupa wa paja na la mfupa wa muundi, utando hautalisaidia. Matege na kano iliyokatika virekebishwe kwanza au siku hiyohiyo, la sivyo uzito utaendelea kusaga palepale. Tena, kolajeni inayotumika sana kwa kazi hii inatoka kwa nguruwe. Mgonjwa, hasa Mwislamu au Mwadventista, aelezwe hivyo waziwazi kabla ya kutia sahihi, si asubuhi ya upasuaji akiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu.

Kuandaa kidonda

Garo (mkanda wa kuzuia damu mguuni) ikishafungwa na goti likiwa wazi, kata ukingo kwa bisturi (kisu cha upasuaji), wima kabisa, mpaka ufikie gegedu zima lililoshikamana na mfupa. Ukingo wa mteremko haushiki uzi wala haukingi utando. Kwa kireti (kijiko cha kukwangulia) ondoa mabaki yote pamoja na tabaka la gegedu lililogeuka chokaa chini yake, bila kuvunja bamba la mfupa, yaani uso wake mgumu.

Kisha, ili damu ya uboho ifike chini ya utando, toboa matundu kwenye mfupa ukianzia pembeni kuingia katikati, kila moja mbali na jingine kwa mm 3 hadi 4, kina cha mm 4 hivi. Yakikaribiana zaidi, mfupa ulio kati yake hupasuka. Ukitumia mashine, msaidizi amwagie maji ya chumvi muda wote, maana joto huua mfupa. Legeza garo kidogo: damu yenye vitone vya mafuta ikichomoza, kina kinatosha. Kaza tena, kausha.

Kipimo

Karatasi ya alumini iliyo ndani ya pakiti ya uzi ni safi na inatosha kwa kazi hii. Ibonyeze kwa kidole ndani ya kidonda mpaka ukingo ujichore, ikate, kisha weka nukta ya wino upande unaokutazama. Bila nukta hiyo ni rahisi kuigeuza na kukata utando kinyume, nao utando ni ghali na haurudishwi. Utando ukilowa hutanuka, kwa hiyo ukiukata mkavu punguza mm 1 kuzunguka. Upande wenye matundumatundu utazame mfupa, ulio laini utazame ndani ya goti. Uso wake ukae chini kidogo ya gegedu la jirani. Ukijitokeza hata kidogo, goti likikunjwa litaukwangua.

Gundi au uzi

Gundi ya fibrini (protini inayogandisha damu) ni ya haraka na haitoboi gegedu lenye afya. Inataka sakafu kavu na tabaka jembamba, kwani ikizidi huziba matundu uliyotoboa. Bonyeza kwa kidole dakika 2 au 3, subiri 5 nzima. Someni kwenye boksi inatakiwa kuhifadhiwa kwa baridi gani. Kama firigo ya famasi haina betri wala jenereta na umeme hukatika usiku, msijenge upasuaji wote juu ya gundi.

Uzi mwembamba wa namba 6-0 unaoyeyuka ndio akiba yenu. Sindano ipite kwenye utando kwanza, itokee ndani ya gegedu mm 2 hadi 3 kutoka ukingoni, na fundo libaki upande wa utando. Acha mm 4 au 5 kati ya uzi na uzi, kwa kuwa kila tundu la sindano ni jeraha jipya. Pasipo ukuta wa gegedu, uzi utachana. Hapo pitisha uzi kwenye mfupa au tumia pini zinazoyeyuka.

Kabla ya kufunga, kunja na kunyoosha goti mara 10, halafu angalia kona moja baada ya nyingine. Kona iliyoinuka irudiwe sasa hivi. Ukiweka mrija wa kutoa damu, usiwe wa kuvuta: huunyanyua utando.

Nyumbani

Goti libaki limenyooka saa 24 hadi 48, kisha likunjwe polepole, pembe ya digrii 60 kwanza, 90 kufikia wiki ya 6. Kidonda kikiwa sehemu ya mfupa wa paja inayobeba uzito, mguu ubebe kilo 15 hadi 20 tu kwa wiki hizo 6. Mgonjwa akanyage mizani mbele ya fizioterapista mpaka aizoee kilo 15. Magongo juu ya mawe ya volkano huteleza, basi yapewe raba mpya. Choo cha kuchuchumaa akiache, atafutiwe kiti chenye tundu. Na msukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) aulizwe hupiga goti gani juu ya ubao: kama ni hilohilo, pedi ya kandambili anayoipigia goti haitalilinda.