Kufuatilia halmashauri yako ya Melbourne ilikotoka

Anza chini, miguuni mwako. Mimi nilianza na kifuniko cha chuma cha mtaro, kona ya mtaa wetu huku Mount Waverley. Kimeandikwa jina la Waverley, ilhali bili ya kodi ya majengo hutoka halmashauri ya Monash. Majina mawili, ardhi ileile: basi hapo pana hadithi.

Ukishapata jina la zamani, tafuta mwaka ambao lilifutwa. Kwa Victoria, jimbo la Australia lenye Melbourne, jaribu kwanza 1994. Serikali ya Jeff Kennett, kiongozi wa jimbo wakati huo, ilizikata halmashauri kutoka 210 hadi 78, madiwani wakaondolewa na makamishna wa kuteuliwa wakashika usukani. Monash ilizaliwa Desemba mwaka huo, Waverley ikiunganishwa na sehemu ya Oakleigh. Kumbuka hilo neno "sehemu". Vipande vingine vya Oakleigh vilikwenda Kingston na Glen Eira, kwa hiyo usiamini ramani moja tu.

Kisha rudi nyuma, jina kwa jina. Waverley ilipata hadhi ya jiji 1961. Kabla ya hapo iliitwa Mulgrave, na mzizi wake ni bodi ya barabara ya 1857. Naam, barabara! Watu walitaka matope yaishe, siasa zikafuata.

Magazeti ya zamani yasome bure kwenye Trove, hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ila mengi yanaishia 1954. Tangazo rasmi la mipaka liko kwenye Gazeti la Serikali. Lisome ukiwa na ramani mkononi, maana mipaka hutajwa kwa vijito na njia za reli.