Kuotesha nyanya kwa mbegu kwenye uwanja mdogo wa Kampala

Nyanya haidai shamba. Inadai jua la saa sita au zaidi kwa siku, udongo usio na ugonjwa, na majani makavu. Kwa mji wetu wenye mvua nyingi, mambo hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoua nyanya za watu, kwa hiyo ndiyo nitakayoyakazia.

Hatua ya 1: Panga miezi

Mvua ikianza Machi, kila mtu hukimbilia kusia. Kwa nyanya sikushauri. Mche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, na baada ya kuhamishwa huchukua miezi miwili hadi mitatu kuiva. Ukisia Machi, mmea mchanga utabeba mvua yote ya Aprili na Mei. Afadhali usie mwishoni mwa Aprili, uhamishe mwanzoni mwa Juni mvua inapopungua, na uanze kuvuna Agosti. Awamu ya pili sia mwanzoni mwa Novemba. Kumwagilia utamwagilia, lakini jerikeni la maji ni nafuu kuliko dawa ya ukungu.

Hatua ya 2: Nunua mbegu

Maduka ya pembejeo yamejaa Container Village, eneo la maduka mjini Kampala. Usinunue mbegu za kupimiwa kwa kijiko. Taka pakiti iliyofungwa yenye tarehe ya mwisho inayosomeka. Moneymaker hurefuka, hivyo inafaa penye nafasi finyu kwa sababu unaipandisha juu ya mti. Roma hubaki fupi na matunda yake huiva karibu kwa pamoja. Kama nyanya zako zimewahi kunyauka, ulizia aina iitwayo MT56, ambayo huvumilia mnyauko wa bakteria.

Hatua ya 3: Kitalu

Toboa matundu chini ya beseni kuukuu. Changanya udongo wa juu mafungu mawili, mboji iliyooza vizuri fungu moja, na mchanga fungu moja. Mwagia maji yanayochemka, uache upoe kabisa. Chora mistari ya kina cha sentimita moja, weka mbegu mojamoja, fukia, kisha funika kwa nyasi kavu.

Mbegu huchomoza kati ya siku ya tano na ya kumi. Zikichomoza tu, ondoa nyasi siku hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka ikiwa myembamba na dhaifu. Mwagilia asubuhi. Udongo ukilala na maji, miche huoza shingo na kuanguka. Hicho ni kinyausi, na mche ulioanguka hauinuki tena.

Hatua ya 4: Udongo wa gunia

Hapa usifanye haraka. Bakteria wa mnyauko huishi udongoni miaka mingi na hakuna dawa ya kupulizia itakayowaondoa. Wanashambulia ukoo mzima wa nyanya: biringanya, pilipili, viazi mviringo, nyanya chungu, hata nakati, ile mboga ya majani. Bustani nyingi za Kampala zimewahi kuwa na tuta la nakati, ndiyo maana mimi hupanda kwenye magunia na kuchukua udongo kwenye tuta la mahindi au maharage.

Mmea ukinyauka ghafla ungali wa kijani, ukate shina karibu na ardhi. Kipande hicho kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji, na usiitikise. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye shina, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea na mizizi yake, uchome, na udongo wa gunia hilo usiutumie tena kwa nyanya.

Hatua ya 5: Hamisha

Mche wenye sentimita 10 hadi 15 uko tayari. Hamisha jioni, mche mmoja kwa gunia la lita 20. Fukia shina hadi karibu na majani ya kwanza, maana sehemu iliyofukiwa nayo itatoa mizizi.

Hatua ya 6: Kausha majani

Panga magunia chini ya upenu wa bati, upande unaopata jua la asubuhi. Simika mti mapema, funga shina kwa kamba laini, na kwa Moneymaker ng'oa vichipukizi vya kwapani kila wiki. Maji mwagia shinani tu. Tandaza nyasi juu ya udongo ili matope yasirukie majani ya chini.

Madoa meusi yaliyo kama yamelowa maji, yenye ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, ni bakajani. Kata majani hayo, lakini usiyatupe kwenye mboji. Ukilazimika kupulizia mankozebu, yaani dawa ya ukungu, pulizia kabla ugonjwa haujaenea, na heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Tunda hilo watakula watoto wako.

Tunda likioza kitako, kwa kawaida ni kwa sababu gunia linakauka leo na kufurika kesho. Mwagilia kwa kipimo kilekile kila siku.

Vuna linapoanza kuwa la waridi, likamalizie kuiva ndani. Mavuno yakiisha, gunia lisilougua lipande dodo (mchicha) au maharage kabla ya kulirudishia nyanya.