Ukienda kuzuru makaburi ya zamani pwani, nenda hivi

Wengi wetu makaburini tunaenda siku ya mazishi tu, unatia mchanga wako viganja vitatu, dua ikiisha huyoo unarudi matangani. Lakini makaburi ya zamani ya pwani, Kaole pale Bagamoyo, Kunduchi hapa Dar, Gedi na Malindi kule Kenya, yale ndo kumbukumbu za mji wenyewe, nani aliishi, alikuwa na uwezo gani, alifanya biashara na nani. Usipojua kuyasoma utaona mawe tu na kurudi nyumbani.

Kwanza kabisa tafuta mzee wa hapohapo. Mimi huanzia msikitini baada ya alasiri, nawaamkia wazee, naeleza shida yangu taratibu bila kutoa simu. Kaole na Gedi kuna kiingilio na watembezaji, sawa lipa, ila mzee bado muhimu maana makaburi mengi hayana jina lolote, yana mashahidi mawili tu, yaani mawe ya alama, kichwani na miguuni, kwahiyo jina linakaa kwa mtu na huyo mtu akifa basi limekwenda.

Ukiingia toa salamu, assalaam alaykum ahlad diyaar, kama wewe sio Muislamu simama kimya kidogo inatosha. Vaa nguo ya heshima, zunguka makaburi usiyakanyage, na usikae juu yake kupiga selfi jamani. Kaole kuna kaburi la Sharifa watu wanaliendea kuomba, ukikuta vitu wameacha usiguse, hata kama unaamini ni makosa, mjadala huo hauko pale.

Sasa kusoma. Anza na uelekeo: huku kwetu kibla iko kaskazini, kwahiyo maiti analazwa ubavu wa kulia uso kaskazini, na kaburi linalala mashariki magharibi. Halafu angalia ujenzi, yale yenye nguzo ndefu ya matumbawe na chokaa hayakuwa ya kila mtu, ni ya watu wenye cheo na mali. Kwenye nguzo ukiona matundu ya duara hapo palikuwa na bakuli la kichina, watu walilipachika kwenye chokaa ingali mbichi. Mengine yamepelekwa makumbusho, mengine yameibwa, na mimi hili linaniuma sana, bakuli limevuka bahari nzima likakaa miaka mia kadhaa juu ya kaburi la mtu halafu anakuja mtu na patasi.

Ukikuta mwaka, huo ni wa Hijria, kalenda ya Kiislamu. Zidisha kwa 0.97 halafu ongeza 622 utapata wa kawaida kwa kukaribia. Gedi kuna kaburi lina mwaka 802, piga hesabu utaona inakuja kwenye 1399 au 1400 hivi, yaani kabla ya Mreno yeyote kufika huku! Maandishi yakiwa yamefifia nenda asubuhi mapema jua likiwa chini, mwanga ukija kwa ubavu herufi zinajitokeza zenyewe kwenye picha, usipake chaki wala mafuta, na usikwangue ukungu kwa brashi ya waya, chokaa inabanduka na herufi zinaondoka nayo.

Ukitoka huko fanya hivyohivyo kwa makaburi ya kwenu. Bibi yangu mzaa mama nilimtafuta nusu saa nzima nisimuone, mpaka mama mdogo akaja akanionyesha, yeye alikuwa anakumbuka kwa mlangilangi uliokuwa kichwani pake na mlangilangi wenyewe ulishakatwa zamani. Basi siku hiyohiyo tukakaa chini tukachora ramani kwenye daftari, nani yuko wapi, hatua ngapi kutoka kona ya ukuta wa msikiti, maana ukuta hauhami, na huku mama mdogo anataja majina mimi namrekodi kwa simu. Kopi moja iko kwangu, moja kwake, moja tumempa imamu.